Kujisajili na Kuingia: Maswali Ninayoulizwa na Wanaojenga Programu za Wavuti Nairobi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijengea vyama vya akiba, maduka na shule ndogo za hapa Nairobi programu za wavuti. Sehemu inayoniletea maswali mengi kuliko zote ni mlango: mtu ajisajili vipi, aingie vipi, na akifungiwa nje arudi vipi. Hilo la tatu wengi huliacha hadi wiki ya mwisho, nami ningependa ulifikirie kwanza. Utaona majibu mengi hapa chini yanarudi pale pale.

Nijenge mwenyewe tangu mwanzo, au nitumie kilichopo?

Tumia kilichopo. Django, Laravel na Rails ni mifumo ya kujengea programu za wavuti. Django huja na watumiaji, kuhashi nywila (kuigeuza kuwa maandishi yasiyorudishika), na kurasa za mtu aliyesahau nywila. Laravel ina vianzio vyake. Rails toleo la 8, lililotoka 2024, hukuandikia sehemu ya kuingia kwa amri moja. Sehemu hizo zimesomwa na kusahihishwa na watu wengi kwa muda mrefu, na makosa ambayo wewe ungeyafanya mwezi huu wao waliyafanya na kuyarekebisha zamani.

Ukitumia Django, unda modeli yako ya mtumiaji (msimbo unaoeleza taarifa zake) kabla ya kuunda jedwali la kwanza, hata kama kwa sasa huna cha kuongeza ndani yake. Nyaraka za Django zenyewe zinasisitiza hivyo. Mimi sikufanya hivyo kwenye mradi wangu wa kwanza. Ilipofika siku ya kuondoa jina la mtumiaji na kuweka nambari ya simu, majedwali yote yalikuwa yameshikamana na modeli ya zamani. Nilikesha usiku mbili kuyatenganisha.

Mtu ajisajili kwa barua pepe au kwa nambari ya simu?

Kama watumiaji wako ni wananchi wa kawaida wa jiji hili, simu. Sababu niliipata Kayole, kwenye chama cha akina mama nilichokijengea daftari la michango. Fomu yangu ilidai barua pepe, na wengi walikuwa nayo. Nilipouliza waliifungua wapi, jibu lilikuwa moja: saiba, yaani duka la intaneti, siku walipokuwa wakitafuta PIN ya KRA (ya kodi) au huduma fulani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mhudumu wa saiba ndiye aliyechagua nywila, akaiandika kwenye kijikaratasi au kwenye daftari lake mwenyewe. Mama mmoja aliniambia, "Kijana wangu, hiyo imeili ni ya yule kijana wa saiba. Mimi naitumia tu."

Alisema kweli tupu. Ukimtumia mama huyo kiungo cha kubadilisha nywila kupitia barua pepe, ufunguo umemkabidhi mtu mwingine. Laini yake ya simu anaijua. Ndiyo yenye M-Pesa, na akiipoteza ataihangaikia siku hiyo hiyo.

Hata hivyo simu nayo ina taabu zake. Watu hubadilisha laini, na laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hurudishwa ikauzwa kwa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo usiifanye nambari ya simu kuwa ufunguo mkuu wa jedwali. Kila mtu apewe kitambulisho cha ndani kisichobadilika, michango na kumbukumbu zake zifungwe kwenye kitambulisho hicho, na nambari ya simu iwe taarifa tu inayoweza kubadilishwa. Barua pepe iombwe kwa hiari.

Kama unajengea ofisi za Upper Hill, ambako mtu ana barua pepe ya kazi iliyo wazi mbele yake mchana kutwa, geuza mpango huu.

Nambari ya simu niihifadhi kwa umbo gani?

Umbo moja tu: alama ya kujumlisha, 254, kisha tarakimu 9. Watu watakuandikia 0700 000 000, 254700000000, +254 700-000-000, na wengine watakata sufuri ya mbele. Zote zigeuze kuwa +254700000000 kabla ya kuzilinganisha na kilichomo kwenye hifadhidata, la sivyo mtu mmoja atakuwa na akaunti tatu na hatajua mchango wake wa Machi uko wapi.

Usikubali msimbo unaodai kila nambari ianze na 07. Nambari za 01 zipo mikononi mwa watu wengi. Na kama chama kina wanachama waliohamia Doha au Minneapolis, acha nafasi ya nambari za nje.

Sharti la upekee liwekwe kwenye hifadhidata yenyewe. Ukitegemea msimbo uulize kwanza "je, nambari hii ipo?" kisha ndipo uiandike, mtu mwenye mtandao wa kusuasua atabofya "Jisajili" mara tatu, na maombi mawili yatapita kwa pamoja kabla lolote kati yao halijaandikwa.

Fomu inakataa jina la mtu. Kwa nini?

Karibu kila mara ni ritifaa, ile alama ya ('). Fomu yangu ya kwanza ilikubali herufi na nafasi tu, kwa sababu nilisoma mahali kwamba alama hiyo ni hatari kwa hifadhidata. Mwalimu mmoja anayeitwa Ng'ang'a akajaribu kujisajili mara nne, kila mara akiambiwa kwa wino mwekundu: "Jina si sahihi." Jina alilopewa na wazazi wake! Wang'ombe angekataliwa, Ong'era angekataliwa, Ng'eno pia. Niliona aibu, na tangu hapo sijaandika tena ujumbe unaomwambia mtu kwamba jina lake ni kosa.

Hatari yenyewe hutoka kwenye msimbo unaounganisha maandishi ya mtumiaji na amri za hifadhidata. Tiba yake ni kutuma thamani kando na amri, jambo ambalo Django na Laravel hukufanyia ukitumia njia zao za kawaida. Jina liache lilivyo.

Weka kisanduku kimoja tu, "Jina kamili." Wapo wenye majina mawili, wapo wenye manne, na huko Eastleigh utapata mtu anayetumia jina lake, la babake na la babu yake bila jina lolote la ukoo. Kumlazimisha agawe jina lake kwenye visanduku vyako hakukusaidii kitu.

Jambo moja zaidi kuhusu ritifaa. Simu nyingi huandika ile iliyopinda badala ya ile iliyonyooka. Ukiiweka iliyopinda ndani ya ujumbe mfupi, ujumbe mzima hubadilishiwa aina ya herufi, na nafasi yake hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Salamu ya "Habari Ng’ang’a" inaweza kukutoza bei ya jumbe mbili badala ya mmoja uliopanga. Inyooshe kabla ya kutuma SMS, lakini kwenye akaunti ibaki alivyoiandika mwenyewe.

Nywila nizihifadhi vipi?

Usizihifadhi. Hifadhi hashi yake.

Fikiria posho mill. Ukishasaga mahindi hurudishi punje. Lakini ukisaga mahindi yale yale kwa mashine ile ile, unga unaotoka ni ule ule. Mtu anapojisajili, unasaga nywila yake na kuweka unga. Anapoingia kesho, unasaga alichoandika na kulinganisha unga na unga. Mwizi akivunja ghala anakuta unga.

Kila nywila huongezwa chumvi, yaani maandishi ya nasibu ya mtu huyo peke yake, ili watu wawili waliochagua nywila moja wasiwe na hashi moja. Na usagaji uwe wa polepole kwa makusudi. Hashi za haraka kama SHA-1 zilitengenezwa kwa kazi nyingine, na mashine zenye kadi za michoro hujaribu mabilioni yake kwa sekunde. bcrypt, iliyotolewa 1999, na Argon2, iliyoshinda shindano la kuhashi nywila mwaka 2015, ziliundwa ziwe nzito. Pima kwenye seva yako: kama kuingia kunachukua robo sekunde, mtumiaji hataona, ila mwizi anayejaribu nywila milioni atahisi. Ukichagua bcrypt, kumbuka inasoma baiti 72 za mwanzo tu.

Anayeona hili ni kujisumbua bure aangalie RockYou mwaka 2009: nywila takriban milioni 32 ziliibwa zikiwa zimeandikwa wazi, na mpaka leo orodha hiyo ndiyo wadukuzi huanza nayo. LinkedIn nao mwaka 2012 walikuwa na hashi za SHA-1 zisizo na chumvi, na nyingi zilivunjwa upesi.

Halafu chunguza kumbukumbu za seva yako. Nimewahi kukuta mfumo uliohashi nywila vizuri sana kwenye hifadhidata, huku faili la kumbukumbu likiandika kila fomu iliyotumwa, nywila zikiwa ndani, herufi kwa herufi.

Nidai herufi kubwa, tarakimu na alama?

Hapana. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliachana na mtindo huo mwaka 2017, pamoja na ule wa kulazimisha watu wabadilishe nywila kila baada ya muda. Ukidai herufi kubwa na alama, mtu ataandika Nairobi@123, na mwizi anaijua. Dai urefu. Ruhusu nafasi kati ya maneno, ili mtu aweke maneno manne matano ya Kiswahili, Kikamba au Dholuo ambayo yeye tu anajua kwa nini yako pamoja. Ruhusu kubandika. Weka kitufe cha kuonyesha nywila, maana kwenye kioo kidogo cha simu kidole hukosea.

Kisha ikatae nywila iliyokwisha kuvuja. Huduma ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, hukuwezesha kuangalia kwa kutuma herufi 5 za mwanzo za hashi tu. Nywila yenyewe haitoki kwako.

Mtu akisahau nywila nimrudishe vipi?

Hili ndilo swali. Mlango wa mbele ukiwa wa chuma na wa nyuma wa mabati, mwizi atapita nyuma, na ukurasa wa "Nimesahau nywila" ndio mlango wa nyuma.

Nianze na mwenye laini yake mkononi. Mtumie nambari ya uthibitisho ya tarakimu 6, au kiungo chenye tokeni (mfuatano wa herufi usiokisika) ndefu ya nasibu iliyotoka kwenye jenereta salama. Itumike mara moja tu. Iishe baada ya muda mfupi: dakika 5 kwa nambari, nusu saa kwa kiungo. Kwenye hifadhidata tokeni nayo ihashiwe, kwa kuwa aliye nayo ni sawa na aliye na nywila. Akishaweka nywila mpya, funga sesheni zake zote, yaani pale alipoingia na hajatoka, zilizo wazi kwingine, kisha umtumie taarifa kwamba nywila imebadilishwa.

Ukurasa ujibu vilevile, akaunti iwepo au isiwepo: "Kama nambari hii imesajiliwa, utapata ujumbe." Ukisema "Nambari hii haipo," umempa mtu njia ya kujua nani ni mwanachama wa chama gani, na katika jiji hili taarifa kama hiyo inatosha kuanzisha utapeli wa simu.

Maswali ya siri yaache kabisa. "Jina la nyanya yako ni nani?" Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa babake. Anayejua kwamba binti ni kifungua mimba na anaitwa Wanjirũ amekwisha kujibu swali lako. Jina la mama kabla ya kuolewa? Kijiji kizima kinalijua.

Sasa aliyepoteza laini. Hapa mashine peke yake haitoshi, na usijidanganye kwamba itatosha. Kwenye mfumo wa vyama niliweka utaratibu huu: mwanachama anamwendea kiongozi, na viongozi wawili, kila mmoja kwa akaunti yake, lazima wakubali nambari mpya. Nambari ya zamani hupelekewa ujumbe unaosema mabadiliko yameombwa na jinsi ya kuyasimamisha. Saa 24 zipite. Katika muda huo hakuna pesa inayotolewa.

Baadhi ya watu waliona huo ni usumbufu, hadi siku moja katibu alipopigiwa simu na kijana aliyejiita mtoto wa mwanachama. Mama ni mgonjwa, alisema, laini imepotea, tafadhali badilisha nambari, anahitaji pesa za hospitali. Katibu ni mtu mwenye huruma, akaidhinisha papo hapo. Mfumo ukamngoja mwenyekiti. Mwenyekiti anakaa ploti moja na mama huyo, mlango wa tatu. Alivaa kanda mbili, akaenda kubisha. Mama alikuwa anachambua sukuma wiki, simu iko kwenye meza, na ule ujumbe wa onyo ulikuwa hapo haujafunguliwa.

Nambari ya uthibitisho kwa SMS inatosha kama ulinzi?

Inasaidia, ila ijue mipaka yake. Tarakimu 6 ni uwezekano milioni moja, kwa hiyo ruhusu majaribio 5 tu kisha nambari ife. Laini inaweza kuhamishwa na tapeli kwenda kwenye kadi nyingine. Na njia rahisi kuliko zote ni kumpigia mtu simu: "Pole sana, nimetuma nambari kwako kwa makosa, nisomee." Ndiyo sababu maneno ya ujumbe yana kazi. Mimi huandika hivi:

"Nambari yako ya kuingia ni 482913. Itaisha baada ya dakika 5. Usimsomee mtu yeyote, hata akisema ni wa ofisini kwetu."

Ujumbe huchelewa wakati mwingine. Mtu akiomba wa pili halafu wa kwanza ukafika, ataandika wa kwanza, akataliwe, aombe wa tatu, na zogo lianze. Kubali zote ambazo muda wake haujaisha, mradi hesabu ya majaribio ni moja.

Kila SMS ni pesa yako. Asiyekupenda anaweza kuandika hati ndogo ikaita ukurasa wako usiku kucha na kukumalizia salio. Weka kikomo kwa kila nambari, kikomo cha jumla kwa siku, na tahadhari ikufikie matumizi yakipanda ghafla. Kuzuia kwa anwani ya IP kuwe kwa upole, maana wateja wengi wa mtandao wa simu hushiriki anwani moja, na ukimfungia mmoja umewafungia majirani.

Kwa viongozi wanaoidhinisha pesa, dai programu ya kuzalisha nambari kwenye simu, zile zinazobadilika kila sekunde 30. Hazipiti kwenye SMS wala hazitegemei mtandao.

Sesheni au JWT?

Kwa programu ya kawaida ya wavuti, sesheni kwenye seva na kidakuzi (cookie, kumbukumbu ndogo inayobeba kitambulisho cha sesheni) kwenye kivinjari. Kidakuzi kiwe na HttpOnly ili hati za ukurasa zisikisome, Secure ili kisafiri kwa HTTPS (mawasiliano yaliyosimbwa) pekee, na SameSite ikiwa Lax ili tovuti nyingine zisikitumie vibaya. Badilisha kitambulisho cha sesheni mara tu mtu anapoingia. JWT, tokeni iliyotiwa sahihi inayobeba taarifa za mtumiaji, ina mahali pake, lakini ukishaitoa huwezi kuirudisha kwa urahisi kabla muda wake haujaisha, na wengi huiweka kwenye hifadhi ya kivinjari ambako hati yoyote mbovu huisoma.

Kumbuka saiba tena. Kisanduku cha "Nikumbuke" kije bila alama. Kitufe cha "Toka" kionekane bila kutafutwa kwenye menyu. Na kuwe na "Toka kwenye vifaa vyote," ili mtu akumbukaye akiwa kwenye matatu kwamba ameiacha akaunti wazi Tom Mboya Street aifunge kwa simu yake.

Niweke "Ingia kwa Google"?

Kama njia ya ziada, ndiyo. Tumia maktaba inayofuata OpenID Connect, kiwango cha kuingia kupitia huduma nyingine, na umtambue mtu kwa kitambulisho kiitwacho sub, kwa sababu barua pepe inaweza kubadilika. Isiwe njia ya pekee, kwa sababu uliyoisoma pale Kayole.

Na kuingia kwa alama ya kidole?

Teknolojia yake, WebAuthn, imekuwa kiwango rasmi tangu 2019, na ni imara dhidi ya kurasa bandia kuliko chochote nilichotaja. Iongeze. Uliza kwanza kama simu hiyo inatumiwa na mtu mmoja.

HTTPS ni gharama?

Cheti kinachohitajika, ukikipata Let's Encrypt, ni cha bure. Weka kijihuishe chenyewe, usitegemee kukumbuka.

Sheria ya Kenya inanidai nini?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama una watumiaji 50. Chukua taarifa unazozihitaji tu. Kama huna kazi na nambari ya kitambulisho cha taifa, usiiulize. Data ikivuja na watu wakawa hatarini, una saa 72 tangu ujue kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Mwenye mapato chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 husamehewa kujisajili kwa Kamishna, lakini msamaha huo hauwahusu wa elimu, afya na huduma za kifedha. Wajenzi wengi wa mifumo ya shule na ya pesa hawalijui hilo. Kwa data za watoto, pata idhini ya mzazi.

Nijaribu vipi kabla ya kufungua?

Usijaribu kwa kompyuta yako. Tafuta mtu mzima ambaye hajawahi kuuona mfumo, mpe simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka na bando la shilingi 20, mwombe ajisajili huku wewe umekaa kimya. Mwache arudi nyumbani. Baada ya wiki mbili mwambie aingie. Nywila atakuwa ameisahau. Kaa tena kimya, angalia kidole chake kinaenda wapi, na uandike kila mahali kinaposita.